Mwaka mmoja na siku moja: namna majaji wa Amerika wanapima azabu, na sisi huku tunaweza kufanya nini

(Maongezi yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu, Baraka. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa. Mama anayetajwa ndani alikubali habari yake isomwe, bila jina.)



Ratiba inasema asubuhi hii tuzungumze juu ya mbegu. Mbegu tutazirudilia mchana, musiwe na wasiwasi. Kwanza tunaomba tuzungumze juu ya tribinali za Amerika. Tunajua kuna mzee ambaye amekwisha kumgeukia jirani yake na kumuuliza: tribinali za Amerika zinatuhusu nini sisi watu wa Fizi, wakati hata hizi za kwetu hatujazimaliza? Zinatuhusu, kwa sababu watoto wetu wako kule.

Munakumbuka wenyewe. Mwaka 1996, na tena 1998, tulivuka ziwa. Tulilala Nyarugusu, tulilala Lugufu, miaka ikapita. Kuanzia 2005 wengine tulipanda boti za kurudi, kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Wengine walingoja, wakaitwa kwenye mahojiano, wakapanda ndege. Hivi ndivyo familia moja ilikatika vipande: mama huku analima muhogo, mtoto kule anafanya kazi kwenye depo la mizigo. Na mtoto akianguka kwenye shida kule, simu inalia huku.

Simu ya usiku

Miezi michache iliyopita, mama mmoja wa shirika letu alifika ofisini na simu mkononi, hata salamu hakutoa. Yeye alirudi na wadogo ili amtunze baba yake mzee. Kijana wake mkubwa alibaki na shangazi yake, na akaenda naye Amerika. Kule, kijana alikubali watu fulani watumie konti yake ya benki. Feza ya watu waliodanganywa kwa intaneti ilikuwa inapita kwake, na yeye alikuwa anabakiza sehemu yake. Alijua. Tunasema hivyo wazi kwa sababu yeye mwenyewe alisema hivyo wazi mbele ya jaji: alikubali kosa.

Sasa, usiku uliotangulia, mtu alimpigia mama simu. Alisema Kiswahili cha kwetu kabisa. Alisema yeye ni mtu wa ofisi ya jaji. «Mama, kosa la mtoto wako lina miaka 20. Tuma dola 1,500, jaji atashusha mpaka mwaka mmoja.» Mama aliuza mbuzi wawili, akatuma dola 200. Alikuja kwetu kuomba ile 1,300 iliyobaki, kutoka katika sanduku letu la msaada.

Komite iligawanyika, hatutaki kuwaficha. Wenzetu wengine walisema: kama sanduku haliokoi mtoto wa mwanachama, linaokoa nini? Wengine walisema: na kesho mwingine akija? Tulichoomba ni juma moja tu la kuuliza. Tulimtafuta shangazi, shangazi akatupa namba ya avoka, na avoka akatueleza mambo ambayo tunataka kuwaeleza leo. Baadaye tulisoma sisi wenyewe, polepole, mpaka tukaona hesabu inavyokwenda.

Neno la kwanza alilotuambia: huyo avoka halipwi na familia. Kule, mtu asiyekuwa na uwezo anapewa avoka na tribinali, bure. Korti yao kubwa iliamua hivyo tangu 1963, kwamba hata tribinali za majimbo haziwezi kumhukumu maskini kwa kosa zito bila avoka. Neno la pili: jaji wa federali hana mtu wa kukusanya feza kwa simu. Anayeomba feza ya jaji ni mwizi, hata akisema Kibembe.

Ile miaka 20 inatoka wapi?

Sasa tusikilizane vizuri hapa. Yule mwizi hakudanganya juu ya namba. Sheria ya Amerika inasema kweli kwamba kudanganya watu kwa simu au intaneti ili kuchukua feza yao kunaweza kufungisha mtu mpaka miaka 20. Lakini 20 ni dari ya nyumba. Watu hawaishi kwenye dari. Kwa hiyo swali ni: jaji anajuaje mtu huyu akae wapi kati ya sakafu na dari?

Hata kwetu swali hili lipo. Sheria yetu ya makosa ya mwaka 1940 inasema mtu wa eskrokeri afungwe tangu miezi 3 mpaka miaka 5, na faini. Kati ya miezi 3 na miaka 5 juji anachagua, na anaweza kuangalia sababu za kupunguza. Hakuna jedwali. Ndiyo maana watu wawili wenye kosa moja wanaweza kutoka na azabu mbili zisizofanana hata kidogo, na kila mtu mjini anaanza kusema lake juu ya sababu.

Amerika nao walikuwa hivyo. Zamani jaji wa federali alikuwa na uhuru mkubwa: mmoja anatoa miaka 3, mwenzake katika mji mwingine anatoa 12, kwa kosa lile lile. Halafu komite nyingine ilikuwa inaamua siku ya kumwachilia mfungwa. Mwaka 1984 bunge lao lilipitisha sheria ya kurekebisha mambo hayo. Iliunda tume ya azabu, tume ikaandika mwongozo, na mwongozo ukaanza kutumika tarehe 1 Novemba 1987. Wakati huo huo waliondoa ile njia ya kuachiliwa kabla ya wakati na komite. Kwa hiyo kule federali, ukiambiwa miaka 5, karibu yote utaikaa.

Jambo moja la kutenganisha: tunasema juu ya tribinali za federali, zile za serikali kuu. Kila jimbo la Amerika lina tribinali zake na sheria zake, na makosa mengi ya kila siku, kama kupigana au kuiba dukani, yanakwenda kule kwenye jimbo. Mwongozo huu si wa huko. Kwa hiyo mtoto akikamatwa, swali la kwanza la kumuuliza avoka ni hili: kesi ni ya jimbo ama ni ya federali?

Jedwali

Mwongozo ni kitabu kinene, lakini moyo wake ni jedwali moja. Fikirini daftari yetu ya akiba, yenye mistari na safu. Kutoka juu kwenda chini kuna ngazi 43 za uzito wa kosa. Kutoka kushoto kwenda kulia kuna safu 6 za historia ya mtu: safu ya I ni ya mtu asiye na makosa ya zamani ama aliye na madogo sana, safu ya VI ni ya mtu aliyehukumiwa mara nyingi. Fasi ngazi na safu zinakutana, unakuta miezi: tangu fulani mpaka fulani. Ngazi ya 43 ni kifungo cha maisha.

Tufanye hesabu ya mfano. Si ya kijana wetu, ni ya mfano tu, kwa jedwali la hasara walilolitumia tangu 2015.

Mtu amedanganya watu kwa intaneti. Kosa lenyewe linaanza na ngazi 7. Hasara ya watu ni dola 120,000. Hasara iliyopita 95,000 lakini haijapita 150,000 inaongeza ngazi 8. Tumefika 15. Waliodanganywa ni 10 au zaidi: ongeza 2. Tumefika 17. Kama historia yake ni safi, ngazi 17 ni miezi 24 mpaka 30.

Sasa tushuke. Mtu akikubali kosa lake kwa kweli, anapunguziwa ngazi 2. Kama alikuwa ngazi 16 au juu yake, na akasema mapema kwamba anakubali, kabla prokirere hajapoteza nguvu kutayarisha kesi, prokirere anaweza kuomba apunguziwe moja tena. Jumla 3. Kutoka 17 tumefika 14: miezi 15 mpaka 21. Halafu, tangu Novemba 2023, mtu asiyekuwa na pointi hata moja ya makosa ya zamani, ambaye hakutumia nguvu wala silaha, wala hakumfilisi mtu, na masharti mengine kadhaa, anaweza kupunguziwa ngazi 2 tena. Tumefika 12: miezi 10 mpaka 16.

Muone: mtu yule yule, feza ile ile. Dari ilisema miaka 20. Jedwali linasema miezi 10 mpaka 16. Na hakuna hata dola moja iliyotoka huku.

Lakini jedwali linapanda pia. Kama mtu huyu aliwahi kufungwa na yuko safu ya III, hapati zile ngazi 2 za mwisho, na ngazi 14 kwake ni miezi 21 mpaka 27. Kama alikuwa kiongozi wa kundi, ataongezewa ngazi 2 mpaka 4. Kama alikuwa mdogo katika kundi, wa kutumwa tu, anaweza kupunguziwa 2 mpaka 4. Na akidanganya tribinali, ataongezewa, na anaweza kupoteza ule msaada wa kukubali kosa.

Tena kuna makosa ambayo sheria yenyewe imeweka sakafu, na mwongozo hauwezi kwenda chini yake. Mtu akitumia majina na namba za mtu mwingine katika udanganyifu, kuna kosa lenye miaka 2 kamili, inayowekwa juu ya ile nyingine, haichanganywi ndani yake. Madawa ya kulevya kwa kiasi fulani: sakafu miaka 5, kiasi kikubwa zaidi: 10. Kwa hiyo musichukue hesabu ya mtoto wa jirani mukadhani ni ya wa kwenu.

Jaji hafungwi na jedwali

Mtu atauliza: basi jaji ni mashine ya kuhesabu? Karibu ilikuwa hivyo, tangu 1987 mpaka 2005. Mwongozo ulikuwa lazima. Kilichobadilisha ni kesi ya mtu mmoja aitwaye Booker. Juri, wale raia wanaokaa kusikiliza kesi, ilisikia habari ya gramu 92.5 za madawa ya kulevya. Kwa gramu hizo mwongozo ulisema mwisho miezi 262, ndiyo karibu miaka 22. Lakini siku ya azabu jaji mwenyewe akaongeza gramu 566 ambazo juri haikuzipima, na mtu akapewa miaka 30. Januari 2005 Korti Kuu ya Amerika ikasema: hapana. Kama mwongozo ni lazima, jambo la kumwongezea mtu azabu namna hiyo lazima lipimwe na juri. Na ili kutengeneza, ikasema tangu leo mwongozo ni shauri, si amri.

Kwa hiyo sasa jaji anakwenda hivi. Kwanza anafanya hesabu, na lazima aifanye sawasawa. Akikosea, hukumu inaweza kuvunjwa kwenye rufani. Pili anamwangalia mtu mzima mzima: kosa lilikuwaje, maisha yake yalikuwaje, watu walioumizwa, hatari kwa wengine, kama azabu itafundisha, na kama wenzake wenye kosa kama lake walipewa kama hivyo. Sheria inamwambia atoe azabu inayotosha, isipite ile inayohitajika. Tatu anasema sababu zake kwa sauti, mbele ya watu wote.

Kuna kesi nyingine ya kukumbuka, ya mwaka 2007, ya kijana aitwaye Gall. Alipokuwa mwanafunzi aliingia katika biashara ya vidonge vya kulevya, akapata zaidi ya dola 30,000. Baada ya miezi 7 aliacha mwenyewe, bila kukamatwa. Alimaliza masomo, akawa fundi wa mbao. Miaka baadaye serikali ikamfikia. Jedwali lilisema miezi 30 mpaka 37 gerezani. Jaji alimpa miezi 36 ya kuangaliwa nje, bila gereza. Prokirere alilalamika, korti ya rufani ikavunja, lakini Korti Kuu ikasema jaji alikuwa na haki. Katika faili ya kijana huyo kulikuwa na barua nyingi: za wazazi, za ndugu, za majirani, za watu aliowafanyia kazi. Barua hizo peke yake hazikumwokoa. Kilichosimama ni kwamba aliacha mwenyewe na akageuka, na barua zilionyesha kwamba ni kweli.

Barua, na kosa letu

Hapa tunafika kwenye kazi yetu sisi. Kabla ya siku ya azabu, kuna afisa wa tribinali anayeandika ripoti juu ya mtu. Anamwuliza: ulizaliwa wapi, ulikulia wapi, nani alikulea, ulisoma wapi, una ugonjwa gani, una deni gani. Avoka anaweza kukaa naye katika mahojiano hayo. Ripoti inatolewa kwao angalau siku 35 kabla ya azabu, na wana siku 14 za kusema: hapa mumekosea. Vijana wetu wengi wanajibu «ndiyo, ndiyo» ili wamalize haraka. Mmoja aliandikiwa kwamba alizaliwa Tanzania, kwa sababu alisema Nyarugusu na hakuna aliyeuliza zaidi. Vita, kambi, kutenganishwa na mama, vyote vikapotea katika neno moja. Kama Kingereza hakimtoshi, ana haki ya mkalimani. Na kama mkalimani anasema Kiswahili cha pwani ambacho yeye hakielewi, aseme hivyo. Si aibu.

Avoka alituomba barua kutoka kwa mama. Tulikaa naye siku hiyo hiyo, sisi tuliosoma, tukamwandikia barua nzuri. Tuliandika kwamba kijana hana kosa, kwamba ni marafiki wabaya walimtia ndani, kwamba ni mtoto wa Mungu. Tuliomba jaji amwachilie. Tulijisikia tumefanya kazi kubwa.

Avoka hakuipeleka. Alitupigia simu, kwa upole, akatueleza: kijana amesema mbele ya jaji «nilifanya, nilijua». Sasa mama yake anaandika kwamba hakufanya. Jaji atamwamini nani? Ataona familia haijakubali, na pengine atajiuliza kama kijana naye amekubali kweli kweli. Zile ngazi 3 tulizozihesabu pale juu, sisi tulikuwa karibu kuzitikisa kwa mkono wetu. Tunawaomba musamaha juu ya hilo, na mama amekwisha kutusamehe.

Kulikuwa na shauri lingine pia. Mtu alisema twende kwa chefu, atupe karatasi yenye kashe inayosema kijana ni yatima. Lakini mama yake alikuwa amekaa pale pale mbele yetu! Tulikataa. Karatasi ya uongo ikigunduliwa, inaharibu hata zile za kweli.

Barua ya pili mama aliisema mwenyewe, kwa Kibembe na Kiswahili, sisi tukaandika tu. Alisema yeye ni nani. Alisema anajua mtoto wake alichukua feza ya watu, na kwamba usiku anawaza juu ya mwanamke mzee mmoja kati ya waliodanganywa, kwa sababu naye ni mzee. Alisema siku ile ya kuvuka ziwa, mtoto akiwa mdogo, alibeba sufuria kichwani na hakulia. Alisema tangu alipoanza kazi alituma dola 50 karibu kila mwezi, na kwamba kwa hiyo feza mdogo wake alisoma mpaka darasa la sita la sekondari. Sasa hajui ni zipi zilikuwa za jasho na ni zipi zilikuwa za wizi, na hilo linamuumiza. Hakumwambia jaji atoe azabu gani. Mtu wetu aliitafsiri, neno kwa neno, na tukaituma kwa avoka, si kwa jaji.

Siku ya azabu

Siku hiyo kijana alisema mwenyewe. Sheria inampa nafasi ya kusema kabla jaji hajaamua. Waliodanganywa nao wana haki ya kusikilizwa, na mmoja alisema. Halafu jaji akasoma azabu: mwaka mmoja na siku moja, na kurudisha feza ya watu, na kuangaliwa akitoka.

Shangazi alipotueleza kwa simu, mama alilia. Si kwa ajili ya mwaka. Ni kwa ajili ya ile siku moja. «Mwaka haukutosha? Ile siku moja ni ya nini, ni ya kunitukana?»

Tulimwuliza avoka. Kumbe ile siku ilikuwa zawadi. Kule, mfungwa mwenye mwenendo mzuri anaweza kupunguziwa mpaka siku 54 kwa kila mwaka wa azabu. Lakini sheria inasema ni kwa yule tu mwenye azabu iliyopita mwaka mmoja. Mwaka kamili: hapati hata siku. Mwaka na siku moja: anaweza kutoka baada ya siku 312 hivi. Jaji aliongeza siku moja ili aondoe karibu miezi miwili. Tulimweleza mama mara mbili. Mara ya tatu yeye ndiye aliyewaeleza jirani zake.

Kitu ambacho jedwali halikionyeshi

Hatutaki mutoke hapa mukifurahi sana. Kuna azabu nyingine isiyoandikwa katika jedwali. Kijana ana kadi ya kukaa, lakini hakuomba uraia, ingawa miaka 5 ilikuwa imepita. Alikuwa anasema ataomba mwaka ujao. Sheria yao ya wageni inasema kwamba udanganyifu wenye hasara iliyopita dola 10,000 ni kosa linaloweza kumfukuzisha asiye raia, hata kama kifungo ni kifupi. Tangu 2010 avoka wa kesi ya jinai anapaswa kumweleza mteja wake hatari hiyo kabla hajakubali kosa. Huyu alielezwa. Alisema: nilifanya, siwezi kusema sikufanya.

Kwa hiyo pengine siku moja atarudishwa. Hatatelemka kwenye boti pamoja na jirani zake kama sisi tulivyotelemka. Atatelemka peke yake kwenye ndege, Kinshasa, mji ambao hajawahi kuuona, na Lingala hajui. Hilo halijaamuliwa bado. Lakini shirika letu ni la watu waliorudi. Kama hatujui sisi namna ya kumpokea mtu anayerudi, ni nani atajua?

Tunachoomba mkutano uamue

Moja. Sanduku la msaada lisitoe hata franka moja kwa mtu anayesema ni ya jaji, ya prokirere au ya «kufungua faili» kule. Mwanachama akipigiwa simu ya namna hiyo, aje ofisini kabla hajauza mbuzi. Zile dola 200 za mama hazitarudi.

Mbili. Sanduku litoe gharama ndogo za kweli: megabaiti za kuzungumza na avoka, kutafsiri barua, kuchapisha, usafiri wa mzazi kufika ofisini. Kwa kesi hii yote tulitumia chini ya bei ya mbuzi mmoja. Marafiki wanaotutegemeza waone hapo feza yao ilifanya nini.

Tatu. Ofisi isaidie kuandika barua, lakini kwa masharti: mwandishi ajitambulishe, aseme anajua kosa, aseme mambo aliyoyaona kwa macho yake, asiseme uongo, asimlaumu mtu mwingine, asimfundishe jaji kazi. Na barua ipitie kwa avoka.

Ine. Kila mwenye ndugu kule ampigie juma hili amwulize swali moja: umeomba uraia? Kama bado, aombe. Na amwambie: usimwazime mtu konti yako ya benki, hata akiwa ni mtu wa kwetu, hata mulilala hema moja.

Mama mwenyewe yuko hapa kati yetu, lakini hatutamwonyesha. Alitupa neno moja la kuwafikishia: alisema akimpata yule mtu wa simu, hatamwuliza feza yake. Atamwuliza kama naye alivuka ziwa.

Maswali tutayapokea sasa, na ya mbegu tutayapokea baada ya chakula.